Muulizeni mzee kuhusu choo

Nimefundisha sayansi kimu katika shule za msingi za Moshi kwa miaka 32, somo ambalo baadaye lilimezwa na stadi za kazi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza baba yangu mzazi kama amepata choo. Nisingethubutu. Kwetu Machame binti hamuulizi baba yake jambo la namna hiyo, kama vile asivyomuuliza ana shilingi ngapi mfukoni. Lakini darasani nilikuwa hodari. Nilichora mfumo mzima wa chakula ubaoni kwa chaki za rangi, kuanzia mdomoni hadi kule mwisho, na watoto walipoanza kucheka kule mwisho niligonga meza kwa rula na kufuta ubao. Leo nina miaka 61, nimestaafu, na naona kwamba pale walipocheka ndipo nilipopaswa kukaa kipindi kizima.

Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Alizaliwa 1941, amelima kahawa na ndizi kwenye kihamba alichoachiwa na babu, na kwa muda mrefu alikuwa katibu wa chama cha msingi kijijini. Mwandiko wake ulikuwa sifa ya ukoo. Mwaka 2017 nilimkuta akijaza daftari la michango ya msiba, nikaona herufi zinaanza vizuri upande wa kushoto kisha zinapungua, zinapungua, mpaka upande wa kulia zimekuwa kama mguu wa sisimizi. Nikamwambia anunue miwani mipya. Akanunua. Herufi zikaendelea kusinyaa.

Miwani ilifuatwa na maelezo mengine. Mguu wa kushoto ulioburuzwa ulikuwa baridi ya mlimani. Uso uliokauka usitabasamu hata wajukuu wakimrukia ulikuwa huzuni ya kumpoteza mama. Mkono uliotetemeka ukiwa umetulia mapajani ulikuwa uzee, na jirani mmoja mwenye kesi ya mpaka wa shamba alisemwa vibaya hadi leo naona haya kukutana naye njiani. Ilipita miaka miwili kabla hatujafika kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu hapa Moshi. Naye, kabla ya kumgusa mkono, alimuuliza mambo matatu. Mzee, unasikia harufu ya chakula? Usiku unapiga mateke na kelele ukiwa usingizini? Choo unapata kila siku?

Mimi nilitaka kutoka nje. Baba alinitazama, akatazama dirisha, akasema: "Choo kinanisumbua tangu mama yao yuko hai."

Mama alifariki 2011. Ndipo nikaanza kukumbuka: mapapai aliyokuwa akimkatia kila jioni, chupa ya mafuta ya nyonyo nyuma ya mlango wa stoo, na vidonge vya vidonda vya tumbo alivyokula kozi baada ya kozi. Nikakumbuka pia mbege. Baba ndiye aliyeitwa na majirani kunusa pipa kabla halijachujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi, kwa kuwa pua yake ilijua siku na hata saa. Kisha mwaka mmoja akaacha kwenda. Akasema vijana siku hizi hawajui kupika pombe. Tukacheka na kukubaliana naye, kumbe pombe ilikuwa ile ile.

Naandika haya kwa sababu moja. Naamini kila zahanati inayompima mzee presha na sukari inapaswa kumuuliza pia kuhusu choo, pua na usingizi, na kila familia iuvunje huu mwiko ambao umetugharimu sisi miaka mingi. Mzee akifunga choo haina maana kwamba ana Parkinson. Wengi wanaofunga choo wamekula vibaya tu, au hawanywi maji. Lakini choo kigumu cha miaka, pua iliyokufa bila mafua, na usingizi wa mateke vikikutana kwa mtu mmoja, hiyo ni taarifa, na imetolewa mapema kuliko mkono unaotetemeka.

Si jambo jipya. James Parkinson, daktari wa London aliyeuandikia ugonjwa huu kijitabu mwaka 1817, alieleza wagonjwa sita tu, na watatu kati yao aliwaona barabarani wakipita. Hata hivyo hakusahau kutaja kwamba matumbo yao yalikuwa mazito. Halafu karibu miaka 200 ikapita dunia ikitazama mkono. Mwaka 2001 watafiti wa Honolulu walichapisha walichokiona kwa wanaume 6,790 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, hadi 24. Waliokuwa wakipata choo chini ya mara moja kwa siku walikuja kupata Parkinson mara 2.7 zaidi ya wale waliopata mara moja kila siku. Waliulizwa swali hilo wakiwa wazima.

Miaka miwili baadaye Mjerumani Heiko Braak na wenzake walitoa wazo ambalo hadi leo linabishaniwa: kwamba kwa baadhi ya watu ugonjwa huanzia tumboni, au puani, na si kichwani. Utumbo una mishipa yake ya fahamu, mingi mno. Ndani ya chembe za mishipa hiyo kuna protini inayoitwa alfa-sinukleini, ambayo ikijikunja vibaya hugandamana na kufanya mabonge. Braak alisema mabonge hayo huenda hupanda polepole kwa kufuata mshipa mkubwa unaounganisha tumbo na shina la ubongo, mshipa wa vegasi, hadi kufika pale chembe za kutengeneza dopamini zilipo. Dopamini ikipungua ndipo mguu unapoburuzika.

Sisi watu wa mfongo, tuliokulia kando ya mifereji inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba, tunajua vitu hushuka. Huu ni mfereji unaopandisha. Nilimweleza Baba hivyo, akafikiri, akauliza: "Nani aliufungua?" Hilo ndilo swali ambalo wataalamu bado wanagombana nalo. Wako wanaosema wagonjwa ni wa aina mbili, wengine ugonjwa wao huanzia mwilini na wengine kichwani kabisa. Mwaka 2016, watafiti wa chuo kimoja cha teknolojia huko California walichukua panya waliotengenezwa wawe na alfa-sinukleini nyingi, wakawakuza bila bakteria tumboni, na panya wale wakatembea vizuri zaidi ya wenzao. Walipopandikizwa bakteria wa matumbo ya wagonjwa wa Parkinson, hali yao ikawa mbaya zaidi. Panya si watu, naam. Lakini ukisoma hilo ukiwa umekaa karibu na mzee mwenye chupa ya nyonyo nyuma ya mlango, hulali vizuri.

Nije nyumbani. Hesabu ya kwanza kubwa ya ugonjwa huu kwa Tanzania ilifanywa kwenye wilaya yetu ya Hai, nyumba kwa nyumba, na matokeo yakachapishwa 2008. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33. Wachache, utasema, na ni kweli walikuwa wachache kuliko Ulaya, kwa sehemu kwa kuwa sisi tuna wazee wachache. Kilichonichoma ni kingine: wengi wa wale 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa wenye jina na dawa. Walikuwa wamekaa vibarazani, pengine wakisemwa kama alivyosemwa jirani yetu wa mpaka. Na hii ni wilaya yenye barabara, yenye makanisa yenye hospitali, na mwendo mfupi tu kutoka KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971. Kama Hai walikuwa hawajulikani, sijui niseme nini kuhusu huko kwingine.

Ajabu ni kwamba tulishawahi kumwona mgonjwa mashuhuri kuliko wote. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Moshi Septemba 1990. Sisi Walutheri wa Machame tulishuka kumwona kama wengine, Baba akiwa na koti lake la mazishi na harusi. Alikuwa bado na nguvu. Baadaye, kwenye runinga, tulimwona akiinama mwaka hadi mwaka, mkono ukitetemeka, uso ukiganda. Tukasema ni uzito wa madaraka.

Sasa chakula, ambacho ndicho nilichodhani nakijua.

Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Kilimanjaro, na watafiti wa KCMC na chuo chake wakishirikiana na wa Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya. Wa kijijini, waliozoea ndizi, maharage, mboga na ulezi, wakahamishiwa kwa wiki mbili kwenye vyakula vya kizungu vilivyosindikwa na kukaangwa. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu likanywa kila siku, kwa wiki moja, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, ambacho sisi hatuhitaji kuelezwa jina lake. Kumi waliachwa waendelee walivyokuwa, wawe kipimo.

Damu zao zikapimwa. Waliohamia chakula cha kizungu waliongezeka uzito, na damu yao ikaonyesha dalili za mwili kuwaka moto kwa ndani, kile madaktari wanachokiita inflamesheni, huku askari wa mwili wakipambana na vimelea kwa uvivu zaidi. Waliorudi kwenye ndizi na maharage moto ule ulipungua. Wa mbege nao walipata unafuu wa namna hiyo. Na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kwisha. Wiki mbili tu za chipsi, jamani. Timu hiyo ya Moshi ilikuwa imeshatangulia kuonyesha mwaka 2021, kwa kupima Watanzania 323, kwamba damu ya mtu wa mjini huwaka zaidi ya ile ya mtu wa kijijini, na kwamba chakula kina mkono wake humo.

Nilifurahi kupita kiasi, nakiri. Nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu nikiwaambia watoto kwamba mkate mweupe na soda ndiyo maendeleo ya kifungua kinywa, kwa kuwa kitabu kilichora hivyo, wakati bibi zao walikuwa na kiburu kwenye chungu. Nikaona sasa ukweli umerudi kihambani. Nikampigia simu kaka yangu nikamwambia Baba apewe mbege kila siku.

Kaka, ambaye ni fundi magari na hana maneno mengi, aliuliza: "Hao 77 walikuwa na ugonjwa wa Baba?"

Hawakuwa nao. Walikuwa wanaume wazima, wakapimwa damu kwa wiki chache. Utafiti ule haukugusa Parkinson hata kwa sentensi moja ya matokeo. Unachosema ni kwamba chakula chetu kinatuliza moto wa mwili haraka kuliko tulivyodhani. Kuna sababu za kuamini kwamba moto huo, ukiwaka tumboni miaka mingi, una uhusiano na ugonjwa wa Baba. Lakini kati ya hilo na kusema mbege inatibu Parkinson kuna mto ambao hakuna aliyeujengea daraja. Na Baba alikula kiburu, mnafu na maziwa mgando tangu 1941, hakugusa chipsi mpaka harusi ya mjukuu wake mkubwa. Kama ndizi ingekuwa kinga kamili, asingeugua.

Nasisitiza hili kwa sababu soko limeshanusa harufu. Pale Mbuyuni na kwenye vipaza sauti vya stendi siku hizi kuna unga wa kila rangi wa "kusafisha utumbo", na muuzaji mmoja aliponiona na Baba aliyaona magoti yake kabla hajaona macho yetu. Akasema sumu yote ya mwili iko kwenye utumbo mpana, ikitoka mzee atakimbia. Alikuwa amechukua nusu ya kweli akaisaga na majani. Mwingine aliniuzia wazo la upupu, ule ule ambao watoto wa shule hupakana migongoni. Na hapa nusu ya kweli ni kubwa zaidi: mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, kitu kile kile kilichomo kwenye vidonge vya Baba, na mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyofanywa Bolivia kwa wagonjwa 18 ikionyesha kwamba unga wake uliopimwa sawasawa ulifanya kazi kwa kiwango kinacholingana na dawa. Uliopimwa sawasawa. Unga wa kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka haujapimwa na mtu, na mzee ambaye tayari anameza vidonge akiongezewa levodopa isiyojulikana kiasi chake anaweza kuanza kujinyonganyonga mwili mzima au kuona watu ambao hawapo. Watafiti waendelee na upupu, na ningependa waendelee nao hapa hapa, maana vidonge ni ghali na si kila duka la dawa linavyo. Mwezi mmoja wa vidonge vya Baba unakula mikungu minne mizuri ya mshare, na hiyo ni miezi ambayo migomba imezaa.

Lakini kosa kubwa kuliko yote nililifanya mwenyewe, jikoni, nikiwa na cheti.

Levodopa hunyonywa na utumbo mwembamba. Hupita mlango ule ule unaopitisha vipande vya protini tunavyotoa kwenye nyama, maziwa, mayai na maharage. Vikifika pamoja mlangoni hugombania, na protini kwa wingi wake hushinda. Mimi niliyefundisha "vyakula vya kujenga mwili" mpaka watoto wakaimba, nilimwandalia Baba kifungua kinywa cha kijeshi: uji wa ulezi na maziwa, mayai mawili, kiburu chenye maharage mengi kuliko ndizi. Katikati ya sahani nikaweka kidonge. Asubuhi nyingine dawa ilishika, nyingine haikushika, akakaa kwenye kiti kama amechongwa mpaka saa tano. Tukasema dawa ni feki. Kaka alikuwa tayari kwenda kugombana na muuza duka.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetuuliza swali ambalo halikuwa kwenye fomu yoyote: anameza saa ngapi, na anakula nini, saa ngapi? Kisha akasema kidonge kitangulie chakula kwa dakika 30 hadi saa nzima, kwa maji, na kama tumbo linachafuka aambatanishe na kipande cha ndizi, si maziwa. Na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visimezwe pamoja, navyo huishika dawa. Hatukumpunguzia Baba maharage. Mzee wa miaka 84 anahitaji protini yake, na wapo waliokondeshwa na watoto wenye mapenzi kwa kunyimwa nyama. Tulisogeza saa tu. Wiki ile ile Baba alitembea mwenyewe hadi mferejini, akakemea mtu aliyekata maji nje ya zamu yake.

Na choo? Choo ni sehemu ya dawa. Tumbo likiwa zito, kidonge hukaa tumboni kikizubaa badala ya kushuka kule kinakonyonywa. Kwa hiyo mnafu, papai, magimbi, maharage ya usiku badala ya asubuhi, na maji. Maji yalikuwa vita. Wazee hawanywi maji mchana kwa kuogopa kutoka usiku, na choo cha kwetu kiko ng'ambo ya zizi. Tulinunua ndoo yenye mfuniko na tochi, tukapata ushindi ambao miaka mitatu ya kuhubiri haikuupata. Siku ambazo kumeza ni shida tunampikia mtori laini, chakula cha wazazi waliojifungua. Mwanzoni aliudhika kulishwa cha wanawake, sasa anauliza kama umebaki.

Kutembea nako kunasukuma tumbo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti juu ya wagonjwa wa huku kaskazini mwa Tanzania ambao walikuwa hawajawahi kumeza dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo wa kifaa, na hatua zao zikarefuka. Kifaa hatuna. Baba ni mtu wa kwaya, hutembea akiimba tenzi kwa sauti ya besi, na akifika ubeti wenye madaha huharakisha kidogo.

Kuna jambo moja la tumbo ambalo nalitoa kwa hasira. Mwanzoni vidonge vilimtia Baba kichefuchefu. Nilikwenda duka la dawa, sitalitaja, nikaeleza, nikapewa kidonge cha kuzuia kutapika, kidogo, cheupe, cha bei ya andazi. Siku ya tatu Baba hakuweza kugeuka kitandani. Kilikuwa metoklopramidi, dawa ya kawaida kabisa, inayotuliza tumbo kwa kuziba njia ya dopamini. Yaani kwa mkono mmoja tulikuwa tunampa dopamini na kwa mkono mwingine tunaizuia. Dawa hiyo inaweza hata kumfanya mtu mzima asiye na Parkinson aonekane kama anayo, hasa mzee. Muuzaji hakuwa mtu mbaya. Hakuuliza mgonjwa ana nini, na mimi sikusema, kwa kuwa nilikuwa nimeona aibu kutaja ugonjwa wa baba yangu mbele ya foleni.

Aibu hiyo hiyo ndiyo naipigia kelele. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na Parkinson, na levodopa iko kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hapa kwetu watu wanaishi zaidi ya wazazi wao, kwa hiyo wale 33 wa Hai hawatabaki 33. Hatuna mabingwa wa mishipa ya fahamu wa kutosha, na hawatapatikana kesho. Lakini mhudumu wa zahanati tunaye, balozi tunaye, mama mchungaji anayetembelea wazee tunaye. Hakuna kati yao anayehitaji mashine ili kumuuliza mzee: meku, choo kikoje?

Kuhusu kahawa nina dakika moja tu. Watafiti wa Honolulu waliwahi pia kuona, mwaka 2000, kwamba wanaokunywa kahawa hupata Parkinson kidogo kuliko wasiokunywa. Baba aliilima miaka 40, akaipeleka chamani kwa kilo, na hakuwahi kunywa kikombe kizima. Ilikuwa ya kuuza, sisi tulikunywa chai ya maziwa. Ila aliinyunyizia, mrututu na madawa mengine yaliyokuja na makopo yenye fuvu, bomba mgongoni, suruali imelowa. Baadhi ya viuagugu na viuatilifu vimehusishwa na ugonjwa huu, paraquat ikiwa mbele. Alipotoka shambani alinawa mikono mferejini na kula. Hilo linastahili makala ya mtu mwingine mwenye hasira zaidi yangu.

Nimebaki na suala la namna ya kuuliza, maana ni rahisi kuandika gazetini na ni vigumu kusema sebuleni. Siku ya kwanza nilipojaribu, Baba aligeukia ukutani. Siku ya pili nilimtuma kaka, wakaishia kuzungumzia gari lake bovu. Mjukuu anayeishi naye, kijana wa miaka kumi na tisa asiye na haya za kwetu, ndiye aliyepata ufumbuzi. Alianza kumuuliza babu yake kila asubuhi kama gari la Kwasadala limeondoka. Babu alielewa papo hapo. Siku ya kwanza alijibu kwamba gari lina pancha. Siku nyingine gari liko stendi linapiga honi tu. Kuna juma moja la kiangazi gari lilikwama siku nne, tukampeleka hospitali, na daktari alipouliza tatizo, Baba mwenyewe, katibu mstaafu wa chama, alijibu kwa uso ule usiotabasamu kwamba barabara imefungwa. Daktari hakuelewa. Ikabidi mimi, binti yake, mwalimu wa sayansi kimu, niseme neno lenyewe mbele yake kwa sauti. Niliishi.

Leo, nikiwa naandika hapa Majengo, simu imelia saa moja na dakika kumi. Kidonge kimemezwa saa kumi na mbili unusu, kiburu kiko jikoni kinasubiri.

"Shangazi, gari limeondoka. Babu anasema tena lilikuwa la moja kwa moja, halikusimama njiani."